Muuguzi Mwenzangu, Uliza Dawa Nyingine Kwanza

Huku Migori na Homa Bay, mgonjwa mmoja anaweza kuwa anameza ARV, septrini, dawa za TB na za malaria kwa wakati mmoja. Kila moja ina kazi yake. Hatari huingia pale anayetoa moja asipojua kwamba nyingine zipo. Mimi ni muuguzi, na hivi ndivyo ninavyojikinga, na kumkinga mgonjwa.

1. Ulizia faraghani. Mama hatataja ARV mbele ya jirani aliyekaa naye benchi moja. Atajibu kwamba hatumii chochote, nawe utaandika hivyo. Funga mlango, kisha umuulize: "Mama, unameza dawa gani nyingine, hata za dukani na za mitishamba?" Mwombe aje na pakiti zake kila kliniki.

2. Linganisha kabla ya kutoa. Mjamzito anayemeza septrini kila siku hapewi SP ya kuzuia malaria. Zote mbili zina salfa, na zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya madhara makali, hasa ya ngozi. Rifampisini ya TB nayo huipunguza nguvu ARV iitwayo dolutegravir, ndiyo maana mtu mzima huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Nikiona bado imeandikwa mara moja, namrudia aliyeandika kabla mgonjwa hajaondoka. Kumuuliza daktari si kumkosea heshima.

3. Mpime mtoto kwa mizani. Usikadirie kwa macho. Kwa vidonge vya kawaida vya AL ya malaria, vya watoto na vya watu wazima, mwenye kilo 14 humeza kimoja kila mara, mwenye kilo 15 viwili. Dozi ya kwanza ameze mbele yako. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2. Mwambie mama akueleze ratiba hiyo kwa maneno yake mwenyewe.

4. Ripoti. Ukiona upele au macho ya njano baada ya dawa, mwite daktari, kisha jaza fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ubora wa dawa yenyewe ukitiliwa shaka, jaza ya waridi.

Foleni ikirefuka, fupisha mengine yote, lakini swali la kwanza usiliruke kamwe.