Majibu ya uchunguzi wa tezi dume yasomwe vipi?

Mwanamume akipewa majibu ya uchunguzi wa nyama ya tezi dume, hutafuta neno moja tu: nina saratani au sina? Karatasi hiyo ina mengi zaidi, na yafaa uyafahamu kabla ya kuamua lolote.

Daktari hutoa vipande vyembamba vya nyama kwa sindano, aghalabu 10 hadi 12, kutoka pande mbalimbali za tezi. Ni kama mnunuzi anayedunga gunia la mahindi kwa bambo. Punje zilizotoka zikiwa nzima, haina maana kwamba gunia zima halina mbovu.

Basi ukiambiwa saratani haikuonekana, shukuru, lakini usiitupe karatasi. Kipimo cha damu kiitwacho PSA kikizidi kupanda, huenda ukahitaji picha ya MRI au uchunguzi mwingine. Hata hivyo, PSA hupanda pia kwa sababu ya maambukizi au tezi kukua kutokana na umri, bila ya saratani.

Saratani ikionekana, tafuta alama za Gleason, mfumo ulioanzishwa na daktari Mmarekani, Donald Gleason, katika miaka ya 1960. Mtaalamu wa maabara huchunguza seli kwa hadubini na kuandika nambari mbili. Ya kwanza ni ya aina iliyoenea zaidi. 3+3, yaani 6, kwa kawaida hukua polepole, na wengi hufuatiliwa kwa vipimo bila kupasuliwa. 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini 4+3 ni kali zaidi. 8 hadi 10 ni kali sana na haifai kucheleweshwa.

Wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kuhusu vipande vile vile. Una haki ya kuomba visomwe upya na mwingine, hasa kwa kuwa upasuaji na miale huweza kudhuru nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo.

Unapoenda kwa daktari, andamana na mkeo au ndugu, kisha uulize: Ni vipande vingapi vilivyokuwa na saratani? Alama zangu ni ngapi? Je, imeenea nje ya tezi? Nina muda gani wa kufikiria? Omba nakala ya majibu uihifadhi nyumbani, kwani daktari atakayekutibu miaka ijayo ataihitaji.