Adui Ndani ya Mlinzi

Katika mwili wa mtu mna askari walinzi, nao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviua. Lakini kijidudu cha homa ya matumbo kina hila. Huingia kwa maji au chakula chenye uchafu wa choo, hupenya ukuta wa utumbo, kikamezwa na askari, wala hakifi. Huzaana mle mle ndani ya askari, kikachukuliwa naye mpaka kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Baada ya juma moja au mawili mtu hushikwa na homa kali. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Basi, watoto, chemsheni maji ya kunywa, mkanawe mikono kwa sabuni kila mtokapo chooni.