Chagua plau linalolingana na trekta lako



Huenda ukajiuliza: afisa mifugo na plau wapi na wapi? Jibu ni malisho. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za Ras Kisimani hukauka, maziwa hupungua, na ndama waliozaliwa masika hubaki mifupa. Wengi mnaoniita wakati huo mnadhani ng'ombe ana ugonjwa. Mara nyingi ana njaa. Ndiyo maana tunahimizana kulima vishamba vya matete na mikunde kabla ya mvua, na ndiyo maana vikundi kadhaa sasa vinaulizia trekta dogo na plau lake.

Somo hili nalitoa kwa sababu niliwahi kukosea. Kikundi kimoja kiliuza madume mawili na mtamba ili kununua plau la kufunga kwenye trekta lao la nguvu farasi 25. Waliniuliza wachukue lipi. Nikawaambia, "Chukueni kubwa, mtamaliza haraka." Wakaleta la sahani tatu. Siku ya kwanza, walipolinyanyua, magurudumu ya mbele ya trekta yaliinuka. Walipolishusha, ya nyuma yalizunguka mahali pamoja yakajichimbia mchangani. Mvua za masika zikapita, matete hayakupandwa, na plau likauzwa kwa hasara. Ng'ombe watatu walikwenda kwa neno langu. Someni ili lisiwapate nanyi.

ANZA NA MAKSAI UNAYEMJUA

Hakuna mfugaji anayefunga nira kwa ndama wawili kisha akawapa gogo la mnazi. Maksai aliyeshiba hukokota kwa saa kadhaa mzigo unaofikia takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi ya kilo 250 kila mmoja, yaani kilo 500 kwa pamoja, huvuta nguvu ya kilo 50 bila kuumia. Trekta nalo lina kipimo chake. Tofauti ni kwamba maksai akichoka husimama, lakini trekta likizidiwa hula mafuta, huchoma klachi na kuvunja pini.

MAMBO MATATU YANAYOAMUA UKUBWA WA PLAU

1. Udongo. Kichanga chepesi chenye unyevu hukataa plau kwa nguvu ya karibu robo kilo kwa kila sentimita moja ya mraba inayokatwa. Udongo mzito wa mfinyanzi, kama ule wa mabonde ya mpunga au wa ng'ambo kwenye bonde la Rufiji, hufika kilo 0.7 au zaidi. Plau lilelile, trekta lilelile, lakini mzigo ni karibu mara tatu.

2. Uzito wa trekta. Watu huuliza nguvu farasi tu. Mchangani, injini huwa na nguvu ya kutosha lakini gurudumu halina pa kushika. Kwenye mchanga uliolegea, kadiria kuwa trekta litavuta theluthi moja ya uzito wake. Trekta la kilo 1,050 litavuta kama kilo 350, hata injini yake iwe na nguvu kiasi gani.

3. Upana wa tairi la nyuma. Gurudumu moja la nyuma hupita ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa. Soma namba ya kwanza ubavuni mwa tairi. Ikiwa ni 11.2, upana wake ni inchi 11.2, sawa na sentimita 28. Plau linalokata mfuo wa sentimita 25 litafanya tairi hilo likanyage udongo uliopinduliwa. Hapo chukua la sentimita 30.

FANYA HESABU HII KABLA YA KUUZA MFUGO

Zidisha upana wa mkato kwa kina, kisha zidisha kwa ugumu wa udongo. Kwa trekta letu la kilo 1,050, tukilima kina cha sentimita 15:

• Plau la majembe mawili ya sentimita 30, kichanga: 60 × 15 × 0.25 = kilo 225. Linavutika, na akiba inabaki.

• Upana wa sentimita 90, yaani mikato mitatu, kichanga: 90 × 15 × 0.25 = karibu kilo 338. Limegota kwenye kikomo. Ukikutana na mzizi au kilima kidogo, umekwama. Hapa ndipo kikundi kile kilipoanguka.

• Majembe mawili, mfinyanzi: 60 × 15 × 0.7 = kilo 630. Haliwezekani.

• Jembe moja la sentimita 30, mfinyanzi: 30 × 15 × 0.7 = kilo 315. Nenda polepole, na usilime udongo ukiwa umekauka.

Ukiwa na maksai tu, hesabu ni hiyohiyo: plau la sentimita 20 kwa kina cha sentimita 10 kwenye kichanga ni kilo 50. Jozi yako inaliweza. Kwa eka moja ya malisho huenda huhitaji trekta kabisa.

Usisahau uzito wa plau lenyewe. Plau la sahani tatu huweza kuzidi kilo 300, na lote huning'inia nyuma. Magurudumu ya mbele yakiinuka, usukani haufanyi kazi na trekta linaweza kupinduka kinyumenyume na kumuua dereva. Pima pia pini za kufungia kwenye mikono miwili ya chini: matrekta madogo mengi hutumia pini ya milimita 22, makubwa zaidi milimita 28. Zisipolingana, usikubali kuambiwa "tutachomelea". Kipuri kikivunjika utakisubiri kivuke kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na mvua haitakusubiri.

JARIBU SHAMBANI KABLA YA KULIPA

Piga alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma. Endesha trekta plau likiwa juu, hesabu mizunguko kumi ya gurudumu, kisha pima kwa hatua umbali uliokwenda. Tuseme ni hatua 40. Shusha plau, lima, hesabu tena mizunguko kumi.

• Ukipata hatua 34 hadi 36, plau linafaa.
• Ukipata chini ya 32, gurudumu linateleza mno. Punguza kina au ondoa jembe moja. Ikishindikana, plau hilo si lako.

TUJIFUNZE KUTOKA KONGWA

Kosa hili si la wafugaji tu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, ikileta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama tofali, ukala majembe ya plau. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Leo Kongwa inajulikana kwa ranchi ya ng'ombe. Fedha na mashine vilikuwepo. Kilichokosekana ni kuuliza udongo kwanza.

TAHADHARI ZA HAPA KWETU

• Usilime kina kuzidi sentimita 15. Mchanga uliochimbuliwa sana hupoteza unyevu.
• Kaa mita 2 kutoka shina la mnazi ili usikate mizizi.
• Acha ukanda wa nyasi upande wa pwani. Mji wa kale wa Kisimani umeliwa na bahari. Tusiisaidie kula na mashamba.
• Changanya samadi ya zizini siku ya kulima. Mchanga mtupu hauoteshi matete.

KABLA YA KUTOA FEDHA, JIULIZENI

1. Trekta letu lina uzito gani?
2. Shamba letu ni kichanga au mfinyanzi?
3. Tairi la nyuma lina upana gani?
4. Pini zinalingana?
5. Tumelijaribu kwenye shamba letu wenyewe, au uwanjani kwa muuzaji tu?

Likibaki swali moja bila jibu, mwacheni dume zizini kwanza. Niiteni tuje kupima pamoja, kina mama na vijana wawepo, kwa maana wao ndio watakaokata matete hayo na kuyabeba. Plau dogo linalolima hadi mwisho wa shamba ni bora kuliko kubwa lililolala chini ya mwembe.