Ugonjwa wa Tansio na Dawa ya Kila Siku



Usiku mmoja mzee wa kanisa aliletwa kwetu hospitalini juu ya pikipiki, ameshikwa na vijana wawili asianguke. Kinywa chake kilikuwa kimepinda upande, mkono wa kuume umelegea, na maneno hayakutoka. Jamaa yake walikuwa wamekaa naye nyumbani siku mbili wakiulizana ni nani aliyemloga. Mkewe akafungua kikapu, akatoa fishi ya zamani. Juu yake iliandikwa kwamba miaka miwili mbele tansio yake ilikuwa 18 kwa 11, naye akapewa vidonge. Alirudi kuchukua vingine mara tatu, halafu hakurudi tena. Nikamwuliza mama kwa nini. Akajibu: “Alijisikia mzima, munganga.”

Basi jibu hilo ndilo somo letu leo.

Tansio ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Sisi sote tunayo, kwa maana pasipo nguvu hiyo damu isingefika kichwani. Ugonjwa ni nguvu hiyo kuzidi. Mmeona bomba linaloleta maji kutoka chemchemi mlimani: maji yakishuka kwa nguvu nyingi miaka mingi, bomba linachakaa, na siku moja linapasuka au linaziba. Hata mishipa ya mtu ni vivyo hivyo. Ikipasuka au kuziba katika ubongo, mtu anapooza kama mzee yule. Moyo nao unachoka, mafigo yanaharibika, macho yanapungua. Wala si kwamba damu imekuwa nyingi mwilini, kama wengine wanavyosema. Kwa hiyo kuumikwa kwa pembe hakusaidii kitu.

Tunapopima tunaandika hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unapopiga, ya pili ni wakati unapopumzika. Mashine nyingine huonyesha 140 kwa 90, nasi husema 14 kwa 9. Ni kitu kimoja. Mtu akipimwa siku mbalimbali, naye ameketi kimya dakika tano kwanza, na hesabu ikawa 14 kwa 9 au kupita, ana ugonjwa. Kupimwa mara moja tu, hali umepanda mlima mbio au umetoka kugombana na jirani, hakutoshi.

Sasa sikilizeni neno gumu. Watu wengi wenye tansio hawasikii kitu. Kichwa hakiumi, nguvu zipo, shamba wanalima. Malaria hukuangusha kitandani, nawe unatafuta dawa mbio. Tansio inakuacha ucheke na kula mpaka siku ile. Kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine peke yake.

Mtaniuliza inatoka wapi. Kwa watu wengi hatuoni sababu moja tu. Umri unaongeza, na wengine wameirithi kwa wazazi. Chumvi nyingi, pombe, unene na kukaa bila kazi ya mwili vinaipandisha. Tumbako nayo inaharibu mishipa ileile. Mtu mzima asipite kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula. Mama, makayabu yalowe usiku kucha, umwage maji, uloweke tena. Vile vipande vya kutia ladha katika mchuzi navyo ni chumvi. Ukivitia katika sombe usiongeze nyingine. Vitunguu, nyanya na ndimu vyatosha. Kunywa maji ya ndimu si vibaya, lakini hayashiki mahali pa dawa.

Tena vidonge. Vinashusha tansio siku unapovimeza. Ukiacha, inapanda tena. Ukipimwa tukakuta 12 kwa 8, usiseme ugonjwa umekwisha: ni dawa inayofanya kazi. Usikate kidonge nusu ili vikae siku nyingi, wala usichukue vya jirani. Kama fedha zimekwisha, njoo useme bila haya. Pengine iko dawa ya bei ndogo. Kama vinakuletea kikohozi au miguu kuvimba, sema vilevile, tutabadilisha. Mimi nimeona wengi walionyamaza kwa heshima wakaacha dawa kimya kimya. Heshima ya namna hiyo sitaki.

Wako na wale walioombewa kanisani wakatupa vidonge, wakidhani kumeza ni kukosa imani. Mimi naomba pamoja na wagonjwa kila asubuhi, na sitaacha. Lakini someni Isaya 38. Mungu alikwisha kumwahidi Hezekia miaka 15, na hata hivyo nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Tena katika Luka 17 Bwana aliwatuma wale wakoma kumi wakaonekane na makuhani, waliokuwa na kazi ya kuchungua ugonjwa ule. Basi ukiamini umepona, usitupe dawa. Njoo upimwe, na munganga akiona vema atapunguza mwenyewe, pole pole.

Akina mama wenye mimba wapimwe kila wanapokuja kliniki, hata kama hawajapata tansio zamani. Ukiumwa kichwa sana, ukaona giza machoni au uso na mikono kuvimba, usingoje siku ya kliniki. Na mwenye kumeza vidonge vya tansio akipata mimba atuambie upesi, kwa sababu vingine vinadhuru mtoto.

Mtu akipinda kinywa ghafula, au mkono ukafa, au maneno yakapotea, mleteni saa ileile, hata usiku. Msimpe chakula wala maji njiani, maana anaweza kupaliwa. Na leteni fishi yake.