Matone Mawili ya Mlima Kikizi

Mvua ikianza, simama barazani uangalie paa la bati. Tone linaloangukia upande wa mbele litaishia kwenye pipa. La upande wa nyuma litaishia migombani. Pale juu kabisa, kwenye kofia ya bati, matone mawili yakianguka yamepishana upana wa kidole hayatakutana tena. Kofia haikuyasukuma. Maji yana kazi moja tu, kushuka, na kila hatua hufuata upande ulioinama zaidi. Kinachoamua ni mteremko wa pale pale tone lilipogusa.

Sasa likuze paa hilo liwe Afrika. Kofia yake mojawapo hupita Rwanda na Burundi, na wanajiografia huiita safu ya Kongo-Nile. Kusini mwa Burundi, huko Rutovu, safu hiyo ina mlima uitwao Kikizi, wenye mita 2,145. Kwa aliyezoea kuitazama Kilimanjaro, hicho ni kilima tu. Juu yake kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kutangaza kwamba chemchemi iliyo chini yake ndiyo chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. (Wanyarwanda nao wana chanzo chao, msituni Nyungwe, wanachosema ndicho cha mbali zaidi. Kusini kabisa na mbali kabisa ni vipimo viwili tofauti, kwa hiyo ugomvi huo hauna haja ya mshindi.)

Tone la mashariki huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, hadi Ziwa Viktoria. Hutokea Jinja, hupita Sudan Kusini na Khartoum, na baada ya safari ya zaidi ya kilometa 6,000 huingia Bahari ya Mediterania.

La magharibi huishia Ziwa Tanganyika, na hapa wengi hudhani safari imekwisha. Bado. Ziwa lina mlango mmoja, mto Lukuga, unaotokea Kalemie upande wa Kongo na kupeleka maji Lualaba, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki. Lakini mlango huo ni kama tundu lililotobolewa karibu na ukingo wa beseni: maji yakipungua kidogo, hakitoki kitu. Ndiyo maana mpelelezi Cameron alipofika mwaka 1874 alisema Lukuga ndio mto unaotoa maji ya ziwa, na mpelelezi mwenzake Stanley, miaka miwili tu baadaye, akaukuta umezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likapasua kizuizi. Hata leo, maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo tone letu la magharibi lina nafasi kubwa zaidi ya kupaa angani kuliko ya kuiona bahari.

Nani aliliezeka paa hili? Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka na kutanuka, sakafu ilididimia na kuwa Tanganyika, na kingo zake zikainuka. Kabla ya hapo, wanajiolojia wanasema, mito ya eneo la Kagera ilitiririka kuelekea magharibi. Ukingo ulipopanda polepole mbele yake, mteremko ukageuka, na maji yakarudi nyuma yakajikusanya bondeni. Bwawa hilo ndilo Ziwa Viktoria.

Na paa halijatulia. Kutoka kilele cha Heha, mlima mwingine wa safu hiyo, chenye zaidi ya mita 2,600, hadi Tanganyika iliyo kwenye mita 770 hivi, ni kilometa zisizozidi 30. Kutoka kilele hicho hadi Viktoria, iliyo kwenye mita 1,134, ni zaidi ya 200. Maji ya mteremko mkali hukimbia, na maji yanayokimbia hukata ardhi. Hivyo vijito vya magharibi hutafuna kofia kutoka upande wao, chembe kwa chembe.

Ukipanda basi Kigoma kwenda Bukoba, unaondoka kwenye maji ya mto Kongo na kushukia kwenye maji ya Nile. Mahali fulani njiani unavuka mpaka wa maji hayo mawili, na dereva hata gia habadilishi.