Karoti za Rangi: Somo la Bustani kwa Mzazi na Mtoto

Wakazi wengi wa Nyandarua wanaijua karoti kama zao la soko: hung'olewa, huoshwa, hutiwa guniani na kusafirishwa mjini. Hata hivyo, katika boma hilo hilo, mtoto anaweza kuisukuma kando ya sahani. Mtoto aliyepanda mboga kwa mkono wake huwa na hamu ya kuionja. Kwa hivyo, tenga tuta dogo la mita 1 kwa mita 2, liwe la watoto, na mpande karoti za rangi mbalimbali.

Faida ya kila rangi

Karoti za kwanza kulimwa, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita huko Asia ya Kati, zilikuwa za zambarau na za manjano. Za rangi ya chungwa zilienea baadaye kutoka Uholanzi. Hizi za chungwa zina beta-karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hii huenda asione vizuri gizani na huugua kwa urahisi.

Karoti nyeupe karibu haina beta-karotini, na ya manjano ina kidogo tu. Basi rangi nyingine zimvutie mtoto, lakini mstari wa chungwa usikose. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 waendelee kupelekwa kliniki kupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Bustani haichukui nafasi ya matone hayo.

Mbegu

Aina za Nantes na Chantenay, ambazo ni za chungwa, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo. Mbegu za rangi nyingine huenda zikaagizwa, kwa hivyo uliza mapema. Kagua tarehe kwenye pakiti na stika ya KEPHIS. Mbegu iliyopakwa rangi, kwa mfano ya waridi au buluu, huwa imetiwa dawa: mtu mzima ndiye aishike, tena akiwa amevaa glavu.

Hatua za kupanda

1. Lima kina cha sentimita 30, kisha watoto waokote mawe na mizizi. Karoti ikigonga jiwe hupinda au kugawanyika.

2. Tumia samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huifanya karoti iote mizizi mingi kama vidole.

3. Chora mistari kwa kijiti, sentimita 20 hadi 30 kutoka mmoja hadi mwingine. Panda moja kwa moja kwenye tuta kwa kina cha sentimita 1. Karoti haipendi kuhamishwa kutoka kitaluni. Kila mtoto awe na mstari wake na kibao chenye jina lake.

4. Funika kwa nyasi kavu kidogo na unyunyizie maji polepole kila siku. Mbegu huchukua wiki 1 hadi 3 kuota, na hapa ndipo watoto hukata tamaa. Waeleze mapema. Miche ikichomoza, ondoa nyasi.

5. Miche ikifika urefu wa sentimita 5, ipunguze ili ibaki sentimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Mtoto ataona huruma kuing'oa. Mwambie kwamba iliyosongamana hubaki nyembamba.

6. Palilia kwa mkono. Kichwa cha karoti kikitokeza juu, kifunike kwa udongo kisiwe kijani na kichungu.

Asiye na shamba anaweza kutumia gunia au mtungi wa lita 20 uliokatwa juu na kutobolewa chini.

Mavuno na mlo

Katika baridi yetu, karoti hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Msizing'oe zote mara moja. Ng'oeni chache za mlo wa siku. Osheni vizuri. Mkizipika, tieni mafuta kidogo, kwani mafuta husaidia mwili kupokea beta-karotini. Mtoto mdogo asipewe vipande vigumu vya mviringo, visije vikamkwama kooni. Mkunie au mpondee.

Mwanao aandike siku ya kupanda, ya kuota na ya kuvuna. Mkiona wadudu au majani yanayokauka, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi yenu kabla ya kununua dawa.