Kabla Hujanunua Betri Mpya ya Trekta Dogo

Masika inabisha hodi na wengi mmeanza kuyatoa matrekta kwenye vibanda. Leo tuongee betri, na naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, kijana mmoja wa Mabogini alinipigia simu asubuhi mapema. "Shikamoo bwana shamba. Trekta imegoma kuwaka. Ukipiga stata inafanya tik, basi." Ana trekta dogo la dizeli, nguvu farasi 24, lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Alikuwa ameshapokea hela ya utangulizi kwa watu sita waliotaka kulimiwa kabla mvua haijakolea. Mimi nilikuwa juu ya pikipiki naelekea Kahe, nikamjibu haraka haraka: "Hiyo ni betri hiyo. Badilisha."

Akabadilisha. Akaenda mjini na betri ya zamani, akaiacha dukani wakampunguzia bei, akamwambia muuzaji "nipe kubwa kuliko hii". Akapewa N70. Jioni kaifunga, trekta likawaka. Kesho yake asubuhi: tik.

Nilipofika nikaweka mita kwenye betri mpya, ikasoma 12.6. Betri haina shida yoyote. Shida ilikuwa waya wa hasi, ule unaoshuka kwenye bodi. Chini ya bolti ulikuwa umeota unga wa kijani, umeshika kwa bahati tu. Jana yake alipofunga betri aliutikisa, ndiyo maana likawaka mara moja. Tukaufungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Likawaka. Yawezekana betri ya zamani ilikuwa nzima, lakini ilishabaki dukani. Siku tatu zilipotea, na wateja wawili walidai hela zao wakaenda kwa mwenye trekta lingine. Ushauri wangu wa simu ndio uliomfikisha pale.

Tangu siku hiyo simwambii mtu anunue betri kabla hajapima. Mita ya umeme, zile ndogo za njano, ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri. Pima asubuhi kabla hujagusa chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na 12.0 karibu imekwisha. Hapo usiihukumu bado, ichaji kwanza ijae. Kisha mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita. Ikiwa imejaa na bado inaporomoka chini ya 9.6, hiyo imechoka kweli. Lakini kama mita inabaki juu ya 12 na trekta linafanya tik tu, umeme haufiki kwenye stata: angalia nyaya, vichwa vya betri, na stata yenyewe. Likishawaka, pima tena injini ikiunguruma. Unataka uone kama 13.8 mpaka 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri haichajiwi. Kagua mkanda na oltaneta, la sivyo hata betri mpya itakufa vilevile.

Sasa tuseme umepima na kweli imekufa. Hapa turudi kwa kijana wangu, maana kosa la pili lilikuwa lake. Hiyo "kubwa kuliko hii" haikuenea mahali pake. Chuma cha kubania hakikufika, akaifunga kwa mpira wa tairi. Trekta linatikisika, barabara zetu mnazijua, na betri inayocheza inamwaga unga wa sahani zake za risasi ndani kwa ndani. Baada ya miezi minne chumba kimoja kilikufa, na betri ikafuata.

Matrekta mengi yaliyotoka Japani yana betri zenye namba kama 48D26R. Ukijua kuisoma muuzaji hakuyumbishi. Namba ya mwanzo ni nguvu: ikiwa kubwa, betri ina nguvu zaidi. D ni daraja la upana na kimo. 26 ni urefu kwa sentimita. R au L ni upande kilipo kichwa cha chanya. Kwa lugha ya madukani kwetu, D26 ndiyo umbo la N50, na D31 ndilo la N70. Kwa hiyo ukitoka N50 kwenda N70 umeongeza sentimita tano za urefu, na kama nafasi haipo, haipo. Ukitaka nguvu zaidi, baki kwenye D26 ileile utafute namba ya mbele iliyo kubwa, mfano 80D26R. Na usipuuze ile herufi ya mwisho. Ukichukua L badala ya R, nyaya hazitafika, na ukizivuta kwa nguvu ndipo watu wanakosea chanya na hasi na kuunguza oltaneta. Dawa rahisi ni kwenda dukani na betri yako ya zamani, au picha yake na vipimo vya futi kamba.

Kwenye kibandiko utaona pia herufi CCA na namba. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ya Kibo, si ya Kibosho, lakini namba inakusaidia kulinganisha betri mbili za umbo moja. Dizeli ni nzito kuzungusha, na mwezi wa saba kule Machame au Marangu oili inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo usishuke chini ya kile kitabu cha trekta kinachotaka. Ninyi wa tambarare, Kahe na Chekereni, adui yenu ni joto. Joto linakausha maji na kula sahani. Ndiyo maana kwa huko napendelea betri ya maji kuliko betri kavu, mradi mwenyewe utakuwa unaifungua kila mwezi na kuongeza maji safi ya betri ya chupa. Kama unajijua wewe ni mvivu, chukua kavu.

Usiuziwe betri ya sola kwa sababu ni nzito na inaonekana imara. Sahani zake ni nene, zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Stata inataka umeme mwingi kwa mara moja, na kazi hiyo inataka sahani nyembamba na nyingi. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa nawasema ndugu zangu Wachagga: Desemba watu wakirudi nyumbani, betri ya trekta inatolewa ikawashe taa na spika za kipaimara mpaka alfajiri. Betri ya stata ikikamuliwa mpaka mwisho mara chache tu, imekwisha. Halafu mwezi wa tatu mnalaumu duka.

Dukani uliza tarehe ya kutengenezwa. Betri inajimaliza taratibu hata ikikaa rafuni, kwa hiyo iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa niachie. Ikiwa tayari ina asidi, ipimwe mbele yako. Chini ya 12.4, omba nyingine. Dai risiti ya EFD na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo.

Kufunga: ukitoa ya zamani anza na waya wa hasi, ukiweka mpya malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona moto. Vichwa visugue, kaza, paka grisi juu. Trekta likikaa wiki kadhaa bila kazi, chomoa hasi, na kila mwezi ichaji.

Ile ya zamani irudishe dukani ikiwa nzima, pamoja na asidi yake. Nimewahi kukuta mtu anaipasua betri kwa panga pembeni ya mfongo ili auze risasi kwa kilo. Maji ya mfongo ule yanashuka kwenye migomba ya watu wengine, na wapo wanaoyachota kwa ndoo kwenda kupikia.